Maganda ya Limau Mwezi wa Mfungo

Watu hununua limau kwa ajili ya maji yake. Mimi nililinunua kwa ajili ya ngozi, na ndiyo maana wanawake wa soko la Kisii walinihesabu miongoni mwa wagonjwa.

Nilichutama mbele ya fungu, nikachukua limau, nikaligeuza, nikalikwaruza kwa ukucha, nikanusa, nikarudisha. Nikachukua jingine. Wenzangu walibonyeza kuona kama lina maji. Mimi nilitafuta lile lenye ngozi nene ya vinundu, njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, lisilo na kovu la mvua ya mawe. Huko kwetu mvua ya mawe haimsahau mtu, wala limau. Lililopigwa huwa na doa la kahawia, na doa likikwaruzwa hutoa ladha ya udongo.

"Wewe mke wa mjini," muuzaji mmoja alinikemea, "unanunua malimau au unaposa?"

"Naposa. Binti yako mmoja ana kovu shavuni, na huyu naye. Fungu hili si la malimau manne, ni la mawili. Ongeza."

"Unahesabu kama karani wa kodi!"

"Karani huhesabu mara moja, ndiyo maana hukosea. Mimi nahesabu mara mbili. Ongeza, mama, mvua inakuja."

Aliongeza, akanitukana kidogo kwa Ekegusii akidhani sisikii. Nilimjibu kwa Ekegusii hicho hicho, tukacheka wote wawili, na siku hiyo akanitupia moja juu. Hilo la juu lilikuwa na kovu. Nililichukua tu.

Ngozi ya limau nilifundishwa na mama mkwe. Alikuwa mtu wa pwani aliyemfuata mumewe bara zamani, mume akafariki, yeye akazeeka Kisii bila kukubali kwamba amehama. Mvua ikinyesha alasiri, naye alijua fika kwamba hunyesha kila alasiri, alisimama mlangoni akaitazama kama mgeni asiyealikwa. Chakula chake kilikuwa cha kwao, na cha kwanza kati ya vyote kilikuwa mkate wa mayai. "Yai lina shombo," aliniambia. "Iliki huifunika shombo. Ganda la limau huifukuza. Sasa wewe unataka kufunika au kufukuza?"

Kukwaruza kwenyewe kulinitia hofu kuliko kupika. Tulikuwa na kopo la biskuti lililokatwa na kunyooshwa, likatobolewa kwa msumari upande mmoja hadi upande wa pili likatoa meno. Unalipitisha limau juu ya meno hayo kwa mkono mwepesi, unageuza, unapitisha tena. Unachotaka ni njano tu. Chini ya njano kuna weupe kama sufi, na weupe huo ni mchungu. Ukiuona umeshachelewa. Unga ule wa njano unausugua na sukari kwa vidole mpaka sukari ilowe kama mchanga wa mtoni na mikono inuke siku nzima. Maganda mengine tuliyachanganya na chumvi na kitunguu saumu tukampaka samaki aliyetoka ziwani akiwa amechoka na safari. Yaliyobaki tuliyaanika juu ya sinia, na hapo ndipo nilipojifunza kuishi na moyo juu juu, maana Kisii jua la kuanika ni la kuibia. Unatandaza, unaingia ndani kukoroga chungu, unasikia tone moja juu ya bati, unatoka mbio.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kutazama. Mimi nilikuwa nimetoka upande wa Nyacheki, nyumba ya watu wa wimbi na ng'ombe, nikaolewa na mwanawe fundi cherehani, nikasilimu, na mtaa mzima wa Waislamu wa mjini ulikuwa ukingoja kuona kama Uislamu wangu ni wa moyoni au wa harusi. Kwa hiyo mwezi wa Ramadhani nilitazamwa zaidi ya sinia la maganda. Kina mama wa jirani walikuwa na namna yao ya kuuliza, "Leo vipi, mwanangu, umeamkaje?" huku wakiitazama midomo yangu kama ni mikavu inavyotakiwa.

Nao watu wa kwetu walikuwa wakinitazama kutoka upande wao. Baba hakuwa amekanyaga nyumba yangu tangu niolewe. Hakunilaani, hakunibariki. Alinyamaza, na kunyamaza kwa baba yangu kulikuwa na uzito wa jiwe la kusagia. Mimi ningeweza kuishi nalo hilo jiwe. Aliyekuwa hawezi ni mdogo wangu wa kike.

Huyo mdogo wangu alikuwa na kichwa cha masomo. Shule ya karibu na nyumbani ilikuwa imefika mwisho wake naye, na mbele yake kulikuwa na jembe tu. Mimi shule niliiona kwa nje, kupitia ua. Kutoka nyumbani kwangu mjini, mtoto angeweza kupanda kilima cha Nyanchwa, penye shule, kila asubuhi akasoma, akashuka jioni akala. Nilikuwa nimemwahidi. Kila aliyetoka kwetu kuja sokoni alikuja na swali lake lile lile: lini? Nami nilirudisha jibu lile lile: ngoja. Nafasi ya shule ilikuwa imeulizwa na haingengoja mtu.

Hatimaye baba alifungua mdomo. Alisema, "Dada yangu aende akaione nyumba hiyo. Akila huko, tutazungumza. Asipokula, tusizungumze tena."

Maneno hayo nilielezwa na mtu aliyeyasikia, nami nikamwambia ayarudie nihakikishe. Akila. Si akiona, si akikaribishwa. Akila.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa mwanamke aliyekataa chakula katika nyumba nyingi. Kwetu mpishi ndiye huonja kwanza. Akikuletea uji, anapiga funda moja mbele yako. Akikuletea chakula, anamega tonge, anatafuna, anameza, ndipo anasogeza. Hiyo si tuhuma, ni adabu. Mwenyeji asipoonja amekudharau au anakuficha kitu. Watu wengi walikuwa wameanza kuilegeza adabu hiyo. Shangazi hakulegeza kitu.

Nilituma ujumbe kwamba aje baada ya Idi. Shangazi hapangiwi siku. Alikuja Ramadhani katikati, asubuhi, na lori la ndizi, pamoja na baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba, mtu mpole mwenye tumbo lisilo na subira. Mume wangu alikuwa amekwenda Kisumu kutafuta vitambaa. Nilikuwa uani ninafua. Nilipowaona wamesimama mlangoni, shangazi na bakora yake, baba mdogo na mkungu wa ndizi begani, sabuni ilinitoka mkononi.

"Mbona unatutazama kama wadai?" shangazi aliuliza kwa Ekegusii. "Tumekuja kula."

Nilipoingia kumweleza mama mkwe, yeye alivuta mtandio wake akasema mara moja, "Mgeni hana Ramadhani. Wapikie. Na upike kitu cha kuwaonyesha kwamba binti yao hajatupwa. Pika mkate wa mayai."

Ningepika ugali na kuku, leo hii ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini na mimi nilitaka kujionyesha. Nilitaka shangazi arudi akamwambie baba kwamba nyumba ya binti yake inanukia.

Mayai yalikuwa kumi kapuni. Nilihesabu tena, yakawa kumi. Niliyatia majini, moja likaelea, nikalitoa. Tisa yanatosha, nikajiambia, kisha nikaanza kuogopa kwamba hayatoshi. Malimau yalikuwa mazuri. Shida ilikuwa kopo. Lile la zamani lilikuwa limekula kutu, na wiki hiyo nilikuwa nimepatana na fundi wa mabati anitobolee jipya. Nilimbana mpaka akakubali kunifanyia pamoja na kuziba birika, na kwa hasira, nadhani, alitumia msumari mnene. Meno yake yalikuwa marefu. Pito la kwanza tu limau lilitoka na weupe.

Nilisimamisha mkono. Nikageuza, nikapitisha kwa wepesi wa kumpangusa mtoto machozi. Njano ikaja, na ndani yake vipande vyeupe, vidogo, lakini vipo. Nilivichagua kwa ncha ya kisu. Kila nikitoa kimoja naona kingine. Huko sebuleni namsikia baba mdogo akipiga miayo, na juu ya bati ukungu unaanza kukusanyika.

Nikasugua na sukari. Harufu ilipanda ikanijaa kichwani; ukiwa umefunga, pua inakuwa na njaa yake yenyewe. Lakini uchungu hausikiki puani. Lazima uonje. Mama mkwe alikuwa amenifundisha hilo pia: mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, mradi asimeze, ateme. Nikachukua chembe kwa kidole, nikaiweka ulimini. Tamu. Nyuma ya utamu, kitu. Sikuwa na hakika. Nikatoka mlango wa jikoni, nikatema mate. Nikarudi, nikaonja tena, nikatoka, nikatema tena, nikasukutua kwa maji, nikatema na maji.

Nilipoinua uso, shangazi alikuwa amesimama kwenye njia ya chooni, bakora mkononi, ananitazama.

"Choo kiko huku?" aliuliza.

"Kiko huko, shangazi."

Akaenda. Sikufikiri. Akili yangu yote ilikuwa kwenye weupe wa limau. Nilipiga mayai na sukari kwa mchapo mpaka mkono ukafa ganzi, nikatia unga kidogo kidogo, nikatia iliki, nikamimina ndani ya sufuria iliyopakwa samli. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Mkate wa mayai ukishtuliwa unashuka. Kwa hiyo niliketi kando yake nikizuia hata kikohozi. Ulipanda. Ulitoka na mgongo wa kahawia, na ulipokatwa ndani ulikuwa njano, umetapakaa vidoa vidogo vya ganda.

Niliupeleka sebuleni juu ya sinia. Mama mkwe aliketi upande mmoja wa mkeka, wageni upande mwingine, mimi katikati, maana mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao wote wawili. Shangazi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu za sokoni, na mama mkwe katika miaka yake yote ya Kisii alikuwa amejifunza Ekegusii cha kununulia maziwa.

"Karibuni, wakwe zetu," alisema mama mkwe.

Baba mdogo alinyoosha mkono. Shangazi aliuzuia kwa bakora, taratibu, kama mtu anayezuia ndama.

"Hivi vidudu vya njano ni nini?"

"Ni ngozi ya limau, shangazi. Inaondoa shombo ya mayai."

"Limau ni la kikohozi. Nani anakohoa hapa?"

"Mimi nitakohoa nikitaka," alisema baba mdogo, macho kwenye sinia.

"Wewe nyamaza." Akanigeukia. "Haya. Onja."

Nilikuwa nimekwisha jua kwamba neno hilo litakuja, nikawa nimejidanganya kwamba halitakuja. "Shangazi, mwezi huu tumefunga. Hatuli wala hatunywi mpaka jua lizame. Ni amri ya dini."

"Hamtii kitu mdomoni?"

"Hatutii."

"Nimekuona mlangoni pa jikoni." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Umetia hicho cha njano mdomoni. Ukatema. Ukatia tena, ukatema tena. Ukaosha mdomo. Mimi nimezeeka, mwana wa ndugu yangu, nimeona wapishi wazuri na wabaya. Bado sijaona mpishi anayekimbia nje kutema chakula chake, halafu anakileta kwangu na kusema kula."

Nilifungua mdomo, na kila mlango niliotaka kutokea ulikuwa umefungwa na mwingine. Nikisema nimefunga, mbona nilionja? Nikisema nilionja, mbona nilitema?

"Anasemaje mkwe?" mama mkwe aliuliza.

"Anasema mkate umeiva vizuri."

"Maneno yote hayo ni kuiva?" Alinitazama kwa jicho moja. "Na mbona uso wako umekuwa majivu? Sema ukweli. Mimi nimekaa bara, sijakaa kaburini."

Nikamweleza. Nilitarajia akasirike. Alirekebisha mtandio, akasema nimwambie shangazi kwamba kuonja na kutema ni ruhusa ya mpishi, haikufanywa kwa siri, na kila nyumba ya mwezi huu inafanya hivyo. Nilitafsiri, neno kwa neno.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo sheria yenu inamruhusu kukitia mdomoni, inamkataza kukimeza."

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo sheria ninayoiogopa."

Baba mdogo alicheka, akaona amecheka peke yake, akaacha.

Nilianza kupiga hesabu, ndiyo kazi yangu niliyoizoea. Ningeweza kumega kipande nimeze. Mfungo ungevunjika. Siku hulipwa baadaye, hilo nalijua, lakini siku iliyovunjwa makusudi mbele ya mama mkwe haina bei ndogo. Jioni hiyo hiyo habari ingefika kwa jirani wa kushoto na kabla ya tarawehe kwa jirani wa kulia: Mwislamu wa juzi kafungulia mkate wa mchana. Ningeweza kusema nina udhuru wa kike. Lakini mama mkwe aliniona nikiswali alfajiri. Na kwa upande wa pili, mdogo wangu, na jembe, na ile "asipokula, tusizungumze tena." Nilihesabu mara ya pili. Jibu lilikuwa lile lile baya.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye sinia. Naukumbuka vizuri, vidole vimegusa ukingo wa kipande, mama mkwe ameshusha macho kwenye mkeka.

"Mkono wako umesita," shangazi alisema. "Nani anakutisha? Mimi, au yeye?"

"Nimefunga, shangazi. Nikila sasa nitakula kwa ajili yako, lakini nitakuwa nimevunja."

"Umevunja nini?"

"Neno langu."

Aliitazama mikono yangu, akamtazama mama mkwe, akautazama mlango. Huko nje mvua ilikuwa imeanza kumwagika. "Jua lenu huzama lini?"

"Kama la kwenu."

"Usinijibu kisokoni." Akaiweka bakora chini. "Likizama, utakula?"

"Nitakula."

"Basi nami nitangoja."

Baba mdogo aliruka. "Utangoja nini? Lori linaondoka alasiri!"

"Acha liondoke. Lori halina njaa."

"Lakini mimi ninayo!"

"Mwenyeji hajala, wewe utakula nini? Kaa chini. Huyo bibi ni mkubwa kuliko wewe na hajasema neno la tumbo tangu tufike."

Nilipomtafsiria mama mkwe kwamba mgeni amekataa kula mpaka magharibi, alisema, "Haiwezekani, ni mgeni, atakufa njaa nyumbani kwangu," kisha akainuka mwenyewe, akamletea shangazi mto wa kuegemea.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mkate uliwekwa juu ya kabati, umefunikwa kawa, na harufu ya limau ikawa inazunguka nyumba ikimtafuta baba mdogo. Alikwenda mlangoni kutazama jua, akarudi. Hakukuwa na jua, kulikuwa na mvua. "Tutajuaje kama limezama, kama halipo?" aliuliza. Nikamwambia tutasikia adhana. Akaketi na kusikiliza kama mwindaji.

Mimi sikuketi. Sasa, kwa kuwa shangazi alikuwa amekubali kungoja, hofu yangu ya kwanza ilikuwa imerudi: ule weupe. Niliinua kawa, nikaupima mkate kwa macho. Kama una uchungu, shangazi ataonja nini? Uchungu ndani ya chakula kitamu, chenye vidudu vya njano, kilichopikwa na mpishi aliyetema. Nikafikiria kupika mwingine. Mayai hayakuwapo, na kuomba mayai kwa jirani ni kutuma habari. Nikapika uji, nikapika muhogo wa nazi, nikapika kila kilichokuwamo, ili mkate uzungukwe na mashahidi.

Lori lilipita barabarani likipiga honi. Shangazi hakugeuza kichwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba atalala kwangu, na kwamba nilikuwa sijahesabu blanketi.

Adhana ilipoanza, baba mdogo alisimama kabisa. Mama mkwe akala tende yake, akanipa yangu, akaomba dua. Kisha nikafunua sinia, nikamega kipande mbele ya shangazi, kipande kikubwa asije akasema nimechagua, nikatia mdomoni.

Ulikuwa mchungu.

Haukuwa mchungu wa kutapisha. Utamu ulikuja kwanza, limau likaja, halafu nyuma kabisa ule weupe ukakaa ulimini ukakataa kuondoka. Shangazi alikuwa ananitazama koo. Nilitafuna. Nilimeza. Nilimega tena, nikameza tena, nikafungua mdomo kama mtoto aliyepewa dawa. Mama mkwe naye alionja, na nikaona nyusi zake zikikutana. Yeye alikuwa fundi, hakufichwa kitu. Lakini alikula akamaliza.

Shangazi alichukua kipande kidogo. Alitafuna taratibu, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Nilikuwa nikiyatazama mashavu yake.

"Kuna kauchungu," alisema.

"Shangazi, ni kopo, ni lile kopo jipya, lina meno marefu, limekula—"

"Kama chinsaga," alisema.

Chinsaga ni mboga yetu, chungu, ya kupikwa na maziwa, na Mgusii asiyeipenda sijamwona. Alichukua kipande cha pili, kikubwa. "Nilidhani utanilisha utamu mtupu, kama watoto na Wahindi. Hiki ni chakula cha mtu mzima. Haya, wewe, kula, mbona umeganda?"

Baba mdogo hakuwa ameganda. Alikuwa na kipande kila mkono.

"Anasemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Anasema umekolea."

"Una uchungu," alinong'ona. "Aibu. Kesho hilo kopo ulirudishe kwa aliyelitoboa."

Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Shangazi alikula akashiba, akalala, akaamka, akanywa chai, wala hakusema lolote juu ya mtoto. Amekula, nilijiambia. Sharti lilikuwa akila. Lakini baba alisema tutazungumza, hakusema tutakubali. Nilikuwa nimepatana jambo lote hilo bila kusikia vizuri nilichouziwa. Nilitaka kuuliza, nikaogopa kwamba swali litamkumbusha kukataa.

Asubuhi niliwasindikiza hadi penye malori. Mama mkwe alikuja pia, matopeni, na viatu vyake vya pwani. Shangazi alipandishwa kwa shida, akakaa juu ya gunia, akaipanga bakora. Injini iliwaka. Nilikuwa nimeshika ubavu wa lori na sikuweza kuuachilia.

"Shangazi," nilisema.

"Ee."

"Nimwambie nini mdogo wangu, akiuliza?"

Alinitazama kana kwamba nimekuwa mjinga usiku ule mmoja. "Utamwambiaje, na mimi ndiye ninayerudi kwake? Baba yako niachie mimi. Kumtafutia sare ni kazi yako, mumeo si fundi? Atashonewa, ndefu, isiyobana." Lori likaanza kusogea, akapaza sauti. "Na mwezi huo wenu ukiisha, tuma habari! Mtoto wa ndugu yangu simleti kwenye nyumba isiyopika mchana!"

Niliachilia ubavu wa lori. Mama mkwe alikuwa ananivuta kanga ili nitafsiri, na mimi nilikuwa tayari nimeanza kukadiria kitambaa, magoti ya mtoto yamefika wapi tangu nimwone mara ya mwisho, na pindo la kuachia kwa ajili ya mwaka utakaofuata.